Maji Yanayokula Sabuni

Shamba la mama yangu liko mteremkoni, pale barabara inapoiacha Nzahaha na kuanza kushuka kwenye joto la Bugarama. Alilinunua mwenyewe enzi za biashara yake ya vitenge, alipokuwa akivuka mpaka kwenda Bukavu, Congo, asubuhi na kurudi Kamembe jioni, na baba alipata habari mipaka ikiwa imeshapimwa. Sisi watoto tulikula mahindi ya shamba hilo tangu tulipoota meno. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa aliposema liuzwe, nilimjibu haliuzwi kabla hajafika mwisho wa maneno yake.

Sababu alikuwa nazo, simnyimi haki yake. Magoti ya mama yalikuwa yamemshinda, anaswali ameketi kwenye kiti, na shambani hakuwa amekanyaga kwa misimu kadhaa. Shamba likachukuliwa na urwiri. Asiyeujua urwiri amshukuru Mungu. Ni majani mafupi, kwa macho hayatishi hata kidogo, lakini chini ya ardhi yanatandaza mizizi myeupe yenye vifundo, na kila kifundo ukikikata kwa jembe kinaota mmea wake. Yaani ukiulima urwiri umeupanda. Kwa wengine kiangazi huupunguza nguvu, ila kwetu mfereji wa juu unavuja, basi wetu ulikuwa kijani mwaka mzima, umenenepa kama ng'ombe wa tajiri.

Kaka alikuwa amepata mnunuzi. Tukabishana mbele ya mama, sebuleni kwake Kamembe, mpaka akapiga mkono wa kiti.

"Musinipigie kelele. Ile shamba iko yangu mimi. Kama mvua ya kupanda inakuta urwiri imekufa, tunapanda. Kama inaikuta iko muzima, mutaniletea karatasi, nitaweka kidole. Njo vile."

Mama hakusoma. Kidole chake gumba ndicho saini yake, na akikiweka mahali hakitoki.

Kaka akanicheka. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Iddi."

"Na siku hiyo anakula kuliko bote," nikamwambia.

Mimi ni fundi wa kushona. Najua kitambaa kinachochuja rangi na kinachoruka, najua nguo ya kupiga pasi kwa mvuke na ile ya kupigwa kavu. Dawa ya kuua magugu nilikuwa siijui. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi nikashuka Bugarama, nikaingia duka la dawa za kilimo. Mwenye duka ni mwanamke wa rika langu, Mnyarwanda aliyekulia Uvira, alikosomea kilimo kabla ya kurudi. Akanieleza kwa uvumilivu. Dawa inaingia kwa jani, inateremka polepole mpaka mzizini, inaua kuanzia chini. Nivae glavu, buti na barakoa. Nisipulize kwenye upepo wala mvua ikiwa karibu. Kipimo cha dawa akanionyesha kwenye kifuniko. Habari ya maji hakuitaja, na mimi sikuuliza. Nani ataulizia maji Bugarama, mahali ambapo hata mpunga unasimama ndani ya maji?

Nikachota maji ya mfereji wa chini, ule unaokwenda mashamba ya mpunga. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikayachuja kwa kipande cha kitenge ili yasizibe mdomo wa pompi, lile bomba la kubeba mgongoni, nikachanganya dawa, nikapuliza shamba zima mpaka mabega yakawaka moto. Nilirudi Kamembe nikiwa na uhakika kwamba nimeua.

Nilipoteremka tena kuangalia, urwiri ulinipokea kwa furaha. Jirani yetu wa shamba, mzee mmoja Mkatoliki, naye ni wa kurudi kutoka Congo, alikuwa ameegemea jembe mpakani. Yeye ana sababu ya kuutazama urwiri wetu, maana mizizi haijui mpaka.

"Maman, ile kitu unaipatia iko dawa ao mbolea? Naona inapendeza tu."

Nikaenda moja kwa moja dukani, na nadhani niliingia kwa kishindo, kwa sababu mwenye duka aliweka kalamu chini.

"Ulitia mayi gani?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

Nilipomwambia ya mfereji, akafumba macho. Akasema dawa hii inapenda udongo kupita kiasi. Ikikuta tope ndani ya maji inalishika, na ikishalishika hailiachi tena. Kinachofika kwenye jani ni maji machafu tu, na kitambaa changu kilizuia takataka, hakikuzuia udongo wenyewe. "Tafuta mayi ya kuangaza," akasema, "mayi unaona mpaka chini."

Nikampigia mama simu, kwa sababu kati yetu yeye ndiye aliyelala na kuamka kwenye shamba lile. Akasema kwani natafuta nini na amashyuza yapo. Hiyo ndiyo chemchemi ya maji moto ya huku kwetu. Watu wanakwenda kulowesha migongo na viungo, wengine wanatoka mbali. Mama mwenyewe alikuwa anapelekwa pale kwa ajili ya magoti kila alipopata mtu wa kumpeleka, na maji yake ni maangavu, unaona ukucha wa mguu wako ndani yake.

"Ile mayi inaponesha bantu," mama akasema, "itashindwa na majani?"

Hata mimi niliona hoja imekaa sawa. Nikajaza madumu, nikayaacha kivulini mpaka yakapoa kabisa, nikachanganya, nikapuliza. Safari hii dawa niliinunua kwa pesa ya nguo za harusi nilizokesha nikizishona, na kila pompi niliyobeba niliibeba nikiikumbuka. Upepo ulitulia. Jua lilikuwa zuri. Hakuna kitu nilichokosea, nilivyojua mimi.

Ncha za majani zikageuka njano. Nikafurahi mapema. Njano ikaishia kwenye ncha, kisha chini yake yakachomoza majani mapya. Nikang'oa mzizi mmoja, nikaufunga kwenye gazeti, nikampelekea mama. Akauvunja kwa kidole gumba. Ulikuwa mweupe ndani na ukatoa maji.

"Iko muzima," akasema, akanirudishia.

Kaka alikuwepo. Hakucheka siku hiyo, na kutocheka kwake kuliniuma zaidi. Alisema kwa upole kwamba mnunuzi bado anasubiri, kwamba mama anahitaji daktari wa magoti kuliko mahindi, na kwamba hakuna aibu kushindwa na nyasi. Nilimwambia aibu ipo, na niliihisi usoni kabisa.

Niliteremka tena Bugarama kuchukua vifaa vyangu nikiwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka. Koti langu la kupulizia lilinuka dawa. Nikapita kwenye chemchemi, nikajaza ndoo, nikaibeba mbali na wanaooga, nikaanza kulifua koti. Nikasugua sabuni. Povu halikuja. Nikasugua tena, kwa hasira sasa, kipande kikapungua mkononi na majini mkawa na vijidonge vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni akanionea huruma.

"Maman, apa habafulie. Ile mayi inakula sabuni."

Nilijua. Kila mtu anajua. Mama yangu akienda amashyuza hubeba chupa ya maji ya nyumbani ya kujisuuzia, la sivyo nywele zinanata, na miaka yote nimemtania kwamba anabeba maji kwenda kwenye maji. Jirani wa shamba ana birika ambalo ndani limeota ganda jeupe, gumu kama la yai. Nilikunywa chai ya birika hilo mara ngapi? Nikasimama pale na koti linachuruzika, nikajiuliza swali moja: kama maji haya yanaikamata sabuni yangu, kwa nini yaiachie dawa yangu?

Nikachukua chupa mbili. Moja nikajaza maji ya amashyuza, nyingine maji ya mvua kutoka tanki la mama kule Kamembe. Nikakwangua sabuni sawasawa, nikatia kote, nikatikisa. Ya mvua ikatoa povu mpaka shingoni. Ya amashyuza ikatoa yale maziwa yaliyokatika. Nikazibeba zote mbili mpaka dukani, nikaziweka juu ya meza.

Mwenye duka akazigeuzageuza kwenye mwanga. "Chokaa," akasema. "Ile milima yote iko chokaa, njo banachimba ya kufanya simenti. Mayi inapita mule, inatoka nayo. Na chokaa inashika ile dawa sawa vile inashika sabuni. Mimi nilikuambia mayi ya kuangaza." Akapumua. "Kuangaza haitoshe."

Akaniambia ipo mbolea fulani ya chumvichumvi inayotangulizwa kwenye maji kama hayo ili kuilinda dawa. Dukani ilikuwa imekwisha, na mzigo mwingine ungefika baada ya mvua. Baada ya mvua mimi ningekuwa sina shamba.

Sikutaka kuamini mara ya tatu kwa kichwa tu. Nina chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi. Nikaistaafisha siku hiyo, haijarudi tena kwenye kitambaa. Nikaenda shambani, nikapima vipande viwili vidogo vya urwiri, nikavizungushia uzi mwekundu wa cherehani. Kimoja nikakipulizia dawa ile ile kwa maji ya mvua, kingine kwa maji ya chemchemi, kipimo kimoja. Jirani akaja kuangalia.

"Sasa unashonea urwiri kanzu?"

"Sanda," nikamwambia.

Nikasubiri. Kila lori la mchele lililopanda Kamembe nilimuuliza dereva kama mawingu yameanza. Nilipoteremka kutazama, sikuhitaji kuinama. Kipande cha maji ya mvua kilikuwa kimegeuka rangi ya majani makavu ndani ya uzi wake, na nje ya uzi kijani kimeshika vilevile. Kile kingine kilikuwa na ncha za njano na uhai wake wote. Nilipiga kelele peke yangu katikati ya shamba. Jirani alidhani nimeumwa na nyoka.

Sasa, maji ya mvua mwishoni mwa kiangazi yako wapi? Nilijua yako wapi. Bomba la mtaa wetu, kiangazi kikikolea, linatoa hewa kuliko maji, kwa hiyo mama ana tanki nyuma ya nyumba linalokinga maji ya paa. Koki yake ina kufuli, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake. Maji hayo ni ya udhu na chai, basi. Wajukuu wamechapwa kwa kuyachezea. Mimi mwenyewe zile chupa mbili, ya sabuni na ya dawa, nilizipata kwa kubembeleza.

Nilimkuta na kaka. Nikasema nilichokuja kusema, kwamba nalitaka tanki lote.

Kaka akashika kichwa. "Unataka kubeba mayi Kamembe, upeleke Bugarama? Bugarama! Bantu batasema dada yetu amepata wazimu."

"Waseme."

"Na Maman atatawadha na nini?"

Mama alikuwa ananitazama mikononi. Nilikuwa nimebeba gazeti tena, na ndani yake mzizi mmoja kutoka kila uzi. Akanyoosha mkono. Akauvunja wa kwanza, ule wa amashyuza, ukatoa maji. Akaufuta mkono kwenye kanga. Akauvunja wa pili. Ulikatika kwa mlio, kama kijiti cha kuwashia moto, na ndani ulikuwa wa kahawia mpaka katikati. Akaunusa. Akauvunja tena vipande vidogo, kila kipande akakitazama, kama mtu anayechambua mchele. Kisha akafungua fundo la kanga.

"Chota yote."

"Maman," kaka akaanza.

"Bomba ikikuya, nitatawadha na bomba. Isipokuya, kuko tayamamu. Mungu hakutuumba kwa mayi peke yake, aliweka na udongo." Akanipa ufunguo, akanishika mkono kwa nguvu. "Lakini usikie. Ukimaliza hii tanki na urwiri iko muzima, usirudi kuniomba kitu. Nitaweka kidole."

Malori ya mchele yanapanda yamejaa na kushuka matupu. Dereva mmoja ninayemshonea kaunda suti akakubali kunibeba. Tulipopakia madumu, mtaa mzima ulitoka kuangalia, na habari ilitangulia mbele yetu kuliko lori. Tulipofika bondeni na kuanza kuyashusha kando ya barabara, wavuna mpunga walisimama ndani ya maji mpaka magotini, wakanikodolea macho. Mmoja akapaza sauti, "Maman, apa mayi tuko nayo!" Wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa kweli ilikuwa inachekesha, kisha nikabeba dumu la kwanza kichwani nikapanda mteremko.

Nilipuliza tangu umande ulipokauka. Nilichanganya dawa kidogo kidogo, pompi moja baada ya nyingine, na sikumwaga hata tone pembeni, kwa sababu kila tone nililiona likitoka kwenye birika la udhu la mama. Upande wa Congo mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya milima. Dawa inataka saa kadhaa za ukavu iingie kwenye jani, na mimi nilikuwa nayatazama mawingu yale huku nikiyatukana kimoyomoyo, na papo hapo ninaomba dua. Jirani aliacha kutania. Mchana akavaa buti zake, akachukua madumu yaliyobaki barabarani, akanipandishia bila kuulizwa. Jioni mawingu yakaondoka na mvua yake. Nilikaa chini kwenye udongo, nikalia kidogo, nikainuka.

Bomba la Kamembe halikutoa maji vizuri kipindi kile. Nilimkuta mama asubuhi moja kwenye kiti chake cha kuswalia, na pembeni kipo kisahani cha udongo mkavu. Aliupiga kwa viganja, akapangusa uso, akapangusa mikono, akaanza swala. Hakuniuliza habari ya shamba. Nilikuwa na hofu, nisidanganye. Nilikuwa na hofu hata ya kwenda kuangalia.

Mvua ya kupanda ilifika ikiwa na radi. Asubuhi yake kaka akaazima gari, akamketisha mama mbele. Nilimwona kaka akitia bahasha yenye karatasi ya mauzo kwenye mfuko wa koti, na kidau cha wino kikafuata. Mimi nilipakata mbegu kwenye kikapu.

Mama alishuka kwa fimbo. Shamba lilikuwa limelala chini, lote rangi ya mkeka uliochakaa, limelowa, na jirani alikuwa amesimama upande wake amevua kofia. Lakini majani makavu si ushahidi, hata kiangazi kinakausha majani. Ushahidi uko chini. Mama akaingia hatua chache. Akaisukuma fimbo pembeni, na kabla hatujamshika akapiga magoti. Yale magoti ambayo hayakugusa mkeka wa kuswalia kwa muda mrefu kiasi hicho yakaingia kwenye tope. Akachimba kwa vidole. Akatoa mzizi, akauvunja. Kahawia. Akasogea kwa magoti, akachimba tena. Kahawia. Akachimba wa tatu, na huo hakuuvunja, akampa kaka kwa kuupitisha juu ya kichwa chake mwenyewe, bila kugeuka.

Kaka akauvunja. Nilisikia mlio wake kutoka nilipokuwa nimesimama. Akavishika vipande viwili mkononi, mkono mwingine umo mfukoni kwenye bahasha.

Mama akakunjua kidole gumba, akakizamisha kwenye udongo mpaka kifundo, akakitoa. Likabaki tundu. Kisha akanyoosha kiganja cha pili nyuma yake, kikiwa kitupu, akingoja. Nikaweka mbegu. Akaitia ndani, akafukia, akapigapiga juu taratibu.

Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Tulimshika mimi upande mmoja, kaka upande wa pili, suruali yake nzuri yote matope. Tukamwinua. Alikuwa mzito, na alikuwa anahema kwa maumivu.

"Twende garini, Maman," kaka akasema.

"Gari ya nini?" mama akasema. "Munisogeze mbele kidogo, munishushe tena."